Sura ya Sita: Timu Tatu za Mto Mmoja

Mto Nzoia huzaliwa kwenye milima ya Cherang'any, na sisi wa Kachibora huuona ukiwa bado mchanga: vijito vinavyoteremka kutoka msituni, vinapita kando ya mashamba ya mahindi, ng'ombe wanakunywa, akina mama wanafua. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyonenepa. Ukifika Webuye unaporomoka kwenye miamba ya Nabuyole, unapita nyanda za miwa za Bungoma na Mumias, kisha unaingia Ziwa Viktoria huko Budalang'i, mahali ambapo Wakenya wengi hupasikia tu mafuriko yanapotangazwa redioni.

Katika njia hiyo, serikali ya Kenya huru ilishiriki kujenga viwanda vitatu vikubwa katika kipindi kisichozidi miaka kumi. Mumias kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Pan African Paper Mills ya Webuye, iliyojulikana na kila mtu kama Panpaper, ikaanza kutoa karatasi mwaka 1974. Nzoia Sugar ikaundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga 1978, serikali ikiwa na hisa nyingi na kampuni ya Ufaransa ya Fives Cail Babcock ikiwa na kipande chake. Kila kiwanda kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, na timu ya mpira. Timu zote tatu ziliwahi kucheza ligi kuu ya Kenya. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, hakuna hata moja iliyokuwamo.

Sura hii inaeleza zilivyofika huko. Nitakaa zaidi na Nzoia, kwa sababu ndiyo iliyoishi muda mrefu zaidi kati ya hizo tatu.

Tuanze na swali ambalo mtu wa Bungoma hajawahi kuwa na haja ya kuuliza: kiwanda cha sukari kinatafuta nini kwenye mpira? Mtindo huu tuliuchukua kwa Waingereza, pamoja na reli na king'ora cha zamu. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich. Manchester United ilianza kama Newton Heath, timu ya mafundi wa reli. Mfano unaotufaa zaidi ni Thames Ironworks, kampuni ya kuunda meli mashariki mwa London. Mwenye kampuni, Arnold Hills, alikuwa na imani kwamba mfanyakazi anayecheza baada ya kazi ni mfanyakazi asiyegoma, na mwaka 1895 timu ya kampuni ikaanza. Kadiri ilivyopata ushindi ndivyo ilivyohitaji wachezaji wa kulipwa, na Hills hakuwapenda wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1900 timu ilivunjwa na kusajiliwa upya kama kampuni yenye hisa zake, kwa jina la West Ham United. Mwaka 1912 karakana ya meli ikafunga milango kwa kukosa kazi. Timu haikutikisika, maana kwa miaka 12 ilikuwa imejitegemea. Hadi leo mashabiki wake huiita Irons, na nyundo mbili za mafundi wa meli zimo kwenye nembo.

Naomba msomaji aishike miaka hiyo miwili, 1900 na 1912. Kule London timu ilitoka nyumbani kabla nyumba haijaanguka. Katika bonde la Nzoia hakuna timu iliyotoka.

Huku kwetu mtindo wa timu za waajiri ulienea kote. Kampuni ya bia ilikuwa na Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker. Reli ilikuwa na timu, bandari ya Mombasa ina timu mpaka sasa, benki ya KCB ina timu, jeshi lina Ulinzi Stars. Ukanda wa miwa ulikuwa na Mumias, Nzoia, Chemelil na Sony. Tusiidharau mipira hiyo ya sukari. Mumias Sugar ilitwaa kombe la taifa mara mbili, mwaka 1996 na 1999. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa ligi kuu mwaka 2006, na wakazi wa Nairobi ambao hawakuijua Awendo iko wapi wakalazimika kuuliza.

Mchezaji wa timu hizi hakuwa wa ridhaa, na hakuwa wa kulipwa kwa maana ya Ulaya. Alikuwa mwajiriwa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara pamoja na fundi wa mitambo na bawabu wa lango kuu. Asubuhi anaripoti mahali fulani: mizani ya kupimia miwa, stoo ya vipuri, ofisi ya usafirishaji. Alasiri anaachiliwa kwenda mazoezini, na msimamizi wake hununa kidogo lakini hasemi kitu, maana meneja mkuu ni shabiki. Kuna posho ya mechi. Kuna nyumba ya kampuni ukiwa na bahati. La muhimu zaidi, kuna kazi inayobaki baada ya goti kukataa. Mzazi wa Trans Nzoia aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza magunia ya mahindi hakuwa na wasiwasi kumwona akienda kucheza mpira Bungoma, mradi anaenda “kuandikwa”. Neno hilo ndilo lililokuwa na uzito. Mpira ulikuwa njia ya kuandikwa.

Ndiyo maana nadhani wanaoandika historia ya soka ya Kenya kwa kufuata Gor Mahia na AFC Leopards peke yake huacha nusu ya habari. Kwa vijana wengi wa magharibi, ndoto ya kwanza haikuwa Nairobi. Ilikuwa kiwanda kilicho umbali wa nauli moja ya matatu.

Na vijana hawakukosekana. Kitale ina St. Anthony's, shule ambayo wapenzi wa michezo ya shule huiita Solidarity na ambayo imetoa wachezaji kizazi baada ya kizazi. Wasichana wa Wiyeta wamefanya Trans Nzoia itajwe kwenye soka ya wanawake, na mjini Kitale Trans Nzoia Falcons wamecheza ligi kuu ya wanawake. Lakini chini ya shule kuna ngazi nyingine isiyo na kumbukumbu za maandishi, nayo ni mashindano ya fahali.

Asiyeyajua mashindano haya aje huku Desemba, mahindi yakishavunwa na shule zikishafungwa. Mwanasiasa, au anayetaka kuwa mwanasiasa, anatangaza kombe lenye jina lake. Vijiji vinalipa ada ya kujisajili. Mechi zinachezwa kwenye viwanja vya shule za msingi, goli la miti mitatu, mistari ya majivu au chokaa inayofutika kabla ya mapumziko. Siku ya fainali fahali analetwa mapema na kufungwa kwenye mti nyuma ya goli, ili wachezaji wamwone. Kocha wa upande unaofungwa humwonyesha kwa kidole badala ya kupiga kelele. Mamluki wamejaa: kipa wa kijiji hiki jana alikuwa kipa wa kijiji kile, na mabishano ya vitambulisho yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko mechi yenyewe. Wanaoshinda humchinja fahali jioni hiyo hiyo, au humuuza wakagawana pesa, na kwa uzoefu wangu ugomvi wa kugawana pesa ni mkubwa kuliko wa kugawana nyama. Pembeni, amesimama na mikono nyuma, utamwona mtu mmoja asiyeshangilia upande wowote. Huyo ametumwa na timu fulani kutazama wachezaji.

Kutoka pale mtu alipanda ngazi: ligi ya kaunti, ya kanda, daraja la pili, daraja la kwanza, Ligi ya Supa ya Taifa, kisha ligi kuu. Kwenye karatasi hiyo ni ngazi. Kwa nauli ni mlima, maana timu ya kijiji inayopanda daraja moja hujikuta na safari za mbali ambazo hakuna aliyezipangia fedha. Ndipo unapoelewa uzuri wa timu ya kiwanda. Ilikuwa na basi, na basi lilikuwa na mafuta.

Habari ya Panpaper ni fupi. Kiwanda kiliulisha mji mzima wa Webuye, na harufu yake ilikukaribisha kabla ya kibao cha barabarani. Kilielemewa na madeni, na mwaka 2009 mashine zikazimwa. Timu iliyokuwa imesafiri nchi nzima ikabaki hadithi za wazee wa mtaa. Mwaka 2016 kiwanda kilinunuliwa na familia ya Rai na kupewa jina jipya. Karatasi zikaanza kutoka tena, timu haikurudi. Mumias ilianguka kwa kishindo zaidi kwa sababu ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote, iliyouza hisa zake katika soko la Nairobi tangu 2001. Timu yake ilikuwa imeshapotea kwenye ligi kuu kabla benki ya KCB haijakiweka kiwanda chini ya msimamizi wa kukusanya madeni mnamo Septemba 2019. Tazama mpangilio huo: mpira ndio hukatwa kwanza. Bajeti inapobana, hakuna mkurugenzi anayesimama mbele ya wakulima ambao hawajalipwa miwa yao akatetea pesa za viatu vya mpira. Na kwa haki, asimame vipi?

Nzoia ilikawia. Kiwanda chake hakikuwa kikubwa, uwezo wake ukiwa takriban tani 3,000 za miwa kwa siku, na shida zake zilikuwa zile zile za jirani zake: mitambo ya kale, madeni kwa serikali, sukari ya bei nafuu kutoka nchi za COMESA, na viwanda vya watu binafsi vilivyokuja kununua miwa ambayo Nzoia iliihesabu kuwa yake. Timu ilipanda, ikashuka, ikapanda. Ilipojikokota kutoka Ligi ya Supa kuingia ligi kuu mwishoni mwa 2016, ilikuwa ikijiita Nzoia United. Jina hilo linanivutia. United ni jina la timu ya watu, timu inayoweza kutafuta wadhamini wengine na wanachama. Halikudumu. Katika ligi kuu ikarudi kuwa Nzoia Sugar, na magazeti yakaendelea kuwaita wanasukari.

Kocha wa kipindi hicho alikuwa Bernard Mwalala, mtu wa Pwani ambaye Watanzania watamkumbuka kwa jezi ya Yanga. Alikuta wachezaji wasio na majina makubwa akawafanya wagumu kufungwa nyumbani, na mwaka 2018 Bandari wakamchukua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kawaida ya Nzoia: ukifanya vizuri, wenye pesa wanakuja kuchagua. Nyumbani ni Uwanja wa Sudi mjini Bungoma, uwanja mdogo ambao Gor Mahia na Leopards waliuogopa kuliko ukubwa wake. Leopards wakija ilikuwa kichekesho, kwa sababu nusu ya watu wa Bungoma walikuwa wageni kwenye uwanja wao wenyewe. Mtu anafanya kazi Nzoia, mke wake anauza chai kwenye lango la Nzoia, lakini baba yake alimlea kuwa shabiki wa Ingwe, jina la utani la Leopards, na siku hiyo anavaa buluu na nyeupe.

Kisha ligi yenyewe ikaingia matatani. SuperSport, waliokuwa wakirusha mechi kwenye televisheni, walikuwa wamefunga kamera zao mwaka 2017. Mwaka 2019 SportPesa, katika mvutano na serikali kuhusu kodi za kamari, walisimamisha biashara nchini na kuondoa udhamini wao. Sony Sugar ilishindwa kufika kwenye mechi na kufukuzwa ligini msimu huo huo, Chemelil ikashuka. BetKing walikuja mwaka 2020 na ahadi ya miaka mitano, wakaondoka baada ya msimu mmoja. Mwishoni mwa 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la soka, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya hadi Novemba.

Ajabu ni kwamba msimu uliofuata baada ya kifungo hicho, 2022/23, ndio ulikuwa mtamu kuliko yote kwa Bungoma. Chini ya kocha Salim Babu, Nzoia ilikaa kileleni mwa jedwali kwa muda wa kutosha kuwafanya watu waanze kupiga hesabu. Timu ya kiwanda ambacho wafanyakazi wake walikuwa wakilalamikia mishahara iliyochelewa ilikuwa ikiongoza ligi ya Kenya. Ubingwa ulienda kwa Gor Mahia mwishowe. Hilo halikushangaza mtu. Kilichoshangaza ni kwamba Sudi ilikuwa imekaribia.

Julai 2023 mamlaka ya kilimo ilisimamisha usagaji katika ukanda wa magharibi, kwa sababu miwa iliyokuwa ikivunwa ilikuwa haijakomaa. Viwanda vilikuwa vinagombania mabua ya watoto. Kwa kiwanda chenye akiba, miezi minne bila kusaga ni likizo ya kurekebisha mitambo. Nzoia haikuwa na akiba. Bila kusaga hakuna sukari ya kuuza, na bila sukari ya kuuza hakuna mshahara, wa fundi wala wa mshambulizi. Msimu wa 2023/24 ulianza wakati huo huo. Wachezaji waliosaka ubingwa mwaka uliotangulia walishakuwa wamechaguliwa na wenye pesa, na waliobaki walicheza kama watu wanaofikiria kodi ya nyumba. Timu ilimaliza mkiani, ikashushwa.

Mtu mwenye jicho la kejeli angeitazama Bungoma ya Juni 2024. Siku ya kwanza ya mwezi huo sherehe za Madaraka zilifanyika Kanduyi, kwenye Uwanja wa Masinde Muliro uliotengenezwa upya kwa shughuli hiyo, ukiwa na jina la mwanasiasa aliyeiwakilisha Kitale Mashariki bungeni. Ndege za jeshi zilipita juu. Kaunti ilipata uwanja wa hadhi mwezi ule ule ambao timu yake pekee ya ligi kuu ilikuwa ikishuka.

Kuna wanaosema tatizo ni serikali, kuna wanaosema ni wizi wa sukari na miwa, na kuna ukweli katika yote. Lakini hayo yanaeleza kwa nini kiwanda kiliumwa. Hayaelezi kwa nini timu ilianguka nacho. Linganisha na AFC Leopards. Klabu hii iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu ndogo za Waluhya, ikaitwa Abaluhya, na mwaka 1980, majina ya kikabila yalipopigwa marufuku, ikachukua jina la sasa. Imeshinda kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tano. Pia imekosa kulipa wachezaji, imegombana mahakamani, imepigwa marufuku na FIFA kusajili, imeomba michango ya mashabiki kama harambee ya hospitali. Haijachukua ubingwa wa ligi tangu 1998. Uongozi wake umekuwa mbaya mara nyingi kuliko wa Nzoia. Na ipo. Ipo kwa sababu ina watu wanaoamini ni yao, wanaopiga kura, wanaogombana juu yake, wanaotuma shilingi mia kwa simu. Shabiki wa Nzoia hakuwahi kuwa mwanachama wa kitu chochote. Alilipa kiingilio akashangilia mali ya mwajiri. Siku mwajiri aliposhindwa, hakukuwa na mkutano wa kuitisha wala daftari la wanachama, wala mtu mwenye mamlaka ya kusema timu ihamishiwe kwa watu.

Nafasi ilikuwapo. Sheria ya Michezo ya 2013 iliwataka wanaoendesha vyama na vilabu kujisajili upya kwa katiba. Kaunti zilikuwa zimezaliwa mwaka huo huo, zikiwa na bajeti na hamu ya kuonekana. Jina Nzoia United lilikuwa tayari limeshavaliwa. Kiwanda kingeweza kubaki mdhamini mmoja kati ya wengi, kama Thames Ironworks ilivyobaki kumbukumbu kwenye nembo. Badala yake kila mmoja alisubiri miwa ikomae.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa miaka 30. Nzoia ilikwenda kwa West Kenya Sugar, kampuni ya familia ile ile ya Rai. Wapenzi wa michezo hawahitaji kuelezwa West Kenya ni nani: ndio wanaoiendesha Kabras, timu ya raga iliyotwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuifanya raga, mchezo uliokuwa wa shule za kitajiri na vilabu vya Nairobi, uzungumzwe kwenye vibanda vya chai vya Kakamega. Kwa hiyo mpangaji mpya anajua kuendesha timu, na anajua faida ya jina lake kutangazwa Jumamosi alasiri. Ila mchezo aliouchagua ni mwingine.

Vijana wa Kachibora wameshasoma mabadiliko hayo bila kuandikiwa kitabu. Msimu wa 2024/25 bingwa wa ligi kuu alikuwa Kenya Police, kwa mara yake ya kwanza. Desemba iliyofuata, kwenye uwanja wa shule, mtu aliyesimama na mikono nyuma bado yupo, na wachezaji wakinyoosha misuli kando ya mstari wa majivu wanaulizana yeye ni wa nani. Zamani jibu walilolitaka lilikuwa Nzoia au Panpaper. Sasa wanataka kusikia polisi, jeshi au magereza. Wakishaambiwa, swali linalofuata ni lile lile la baba zao: wanaandika wangapi?